Mazoezi wakati wa matibabu ya uzazi: siku ipi ufanye nini

Ovari ya mwanamke, kiungo kinachotunza mayai yake, kwa kawaida ina urefu wa kama sentimita 3 tu. Akianza kudungwa sindano za kukuza mayai, baada ya siku 8 hadi 10 kila ovari inaweza kufika sentimita 6 au 8, na kwa wale ambao mwili wao huitikia dawa kwa nguvu hupita hata 10. Karibu kila katazo utakalolisoma hapa chini limetoka kwenye vipimo hivyo. Kutembea hakuharibu dawa, wala kufagia uwanja hakuangushi mimba. Hatari ni ile ovari iliyojaa na kuwa nzito, ambayo ikirushwarushwa huweza kujisokota kwenye kano inayoishikilia na kujifungia damu yake wenyewe.

Kwa hiyo mtu akiuliza "nifanye mazoezi au niache?", jibu halipo mpaka aseme yuko siku ya ngapi ya matibabu na anatumia dawa gani. Mavyaa atakwambia ulale chali mpaka majibu yatoke. Mkufunzi wa kikundi cha mazoezi pale Maisara, Unguja, atakwambia usikose hata siku moja. Wote wanakutakia heri, ila hakuna kati yao aliyeiona ultrasaundi yako.

Miezi mitatu kabla ya dawa

Huu ndio wakati wa kutoka jasho. Ovari bado ni ndogo, huna kidonda wala sindano, na mwili una nafasi ya kubadilika.

Kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima ni dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na kazi ya misuli siku 2. Dakika 150 ni sawa na nusu saa mara 5. Ya wastani maana yake unaweza kusema sentensi nzima bila ya kukata pumzi, lakini huwezi kuimba. Jipime kwa pumzi, usijipime kwa masafa. Nusu saa kwenye barabara tambarare ya Mnazi Mmoja si sawa na nusu saa kwenye vilima vya Pemba, ambako kutoka bondeni kupanda juu kunaweza kukufikisha kwenye mazoezi makali bila ya kujua. Ukiona huwezi kuzungumza, punguza mwendo.

Kwa misuli, huhitaji jimu:

1. Kaa kwenye kiti kigumu, inuka bila ya kushika, kaa tena taratibu. Mara 10, pumzika dakika moja, rudia mpaka ziwe seti 3.
2. Simama hatua moja kutoka ukutani, viganja ukutani, kunja viwiko ukiusogelea ukuta kisha jisukume nyuma. Mara 10, seti 3.
3. Shika chupa mbili za maji za lita 1.5, zinyanyue kutoka mapajani mpaka mabegani. Mara 12, seti 2.
4. Lala chali, kunja magoti, nyanyua kiuno mpaka mgongo unyooke, hesabu 3, shusha. Mara 10, seti 2.

Mwenye uzito mkubwa na PCOS, hali inayofanya yai lisipevuke kila mwezi, hahitaji kurudi umbo la usichana. Kupungua asilimia 5 tu ya uzito huwatosha wengi kuanza tena kupevusha mayai. Mwenye kilo 80 apungue kilo 4, na apungue polepole, kama nusu kilo kwa wiki. Anayejinyima chakula kwa pupa ili "awahi sindano" huanza matibabu akiwa dhaifu, na pengine hedhi imevurugika zaidi kuliko mwanzo.

Upande wa pili wapo wanaozidisha. Mwanamke mwenye urefu wa sentimita 160 akiwa chini ya kilo 47, au ambaye hedhi yake imekatika tangu aanze kukimbia kila siku, apunguze mazoezi na aongeze chakula kabla ya kufikiria dawa. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2006, wenye wanawake zaidi ya 2,000 waliofanyiwa IVF (mayai hutolewa, hurutubishwa na mbegu nje ya mwili, kisha kiinitete kinachopatikana hurudishwa kwenye mfuko wa uzazi), uliona kwamba waliozoea mazoezi ya saa 4 au zaidi kwa wiki kwa miaka kadhaa walipata watoto kwa kiwango cha chini kuliko wasiofanya. Tafiti zilizofuata hazikukubaliana zote, na nyingi zinaonyesha faida kwa wanaofanya mazoezi ya wastani. Tunachokichukua hapo ni kimoja: nusu saa yako ikishageuka saa moja ya mbio kila siku, hujiongezei chochote.

Saa za kutoka ni baada ya sala ya Alfajiri mpaka kama saa 1:30 asubuhi, au kuanzia saa 11 jioni. Wakati wa kaskazi, Disemba mpaka Machi, joto la mchana hupita nyuzi 30 na unyevu wa bahari hauruhusu jasho kukauka, kwa hivyo mwili unapata moto haraka. Anayetembea na baibui zito la poliesta avae pamba ndani na abebe maji. Vaa viatu vya kufunga. Ndala ndizo zinazowapindisha watu vifundo vya miguu. Ukitembea ufukweni Jambiani au Nungwi, subiri maji yapwe upate mchanga mgumu wenye unyevu. Mchanga mkavu unaodidimia huchosha vigimbi na kuvuta kiuno.

Vipo vipimo na upasuaji vinavyokatiza ratiba hii. Ukipigwa picha ya mirija kwa dawa ya rangi, pumzika siku hiyo, na usiingie baharini mpaka damu na majimaji yakatike, aghalabu siku 1 hadi 2. Aliyepasuliwa tumbo kuondolewa fibroidi, yaani uvimbe wa mfuko wa uzazi, asinyanyue kizito kwa wiki 6, hata kama mshono umekauka vizuri kwa nje.

Mume naye ana miezi yake mitatu

Mbegu za kiume huchukua kama siku 74 kutengenezwa, na wiki chache zaidi mpaka zifike tayari. Alichokifanya leo kitaonekana kwenye kipimo baada ya miezi mitatu. Ndiyo maana kuacha jambo wiki moja kabla ya kutoa mbegu hakusaidii kitu.

Mazoezi ya wastani yanamfaa. Vinavyomharibia ni vitatu. Cha kwanza, sindano na vidonge vya kutunisha misuli vinavyouzwa kwa siri kwenye jimu. Vingi ni testosteroni au ndugu zake, na mwili ukipata testosteroni kutoka nje huacha kutengeneza mbegu, pengine zikafika sifuri kabisa. Kurudi kwake huchukua miezi, kwa wengine zaidi ya mwaka. Asiyajibu maswali ya daktari kwa haya, aseme alichotumia. Cha pili ni joto. Korodani hufanya kazi zikiwa na ubaridi wa nyuzi 2 hadi 4 chini ya mwili, kwa hivyo suruali za kubana, kompyuta ya mapajani na kukaa kwenye kiti cha gari kutwa vyote vinapandisha joto. Kikoi nyumbani ni nguo bora kuliko nyingine yoyote kwa jambo hili. Cha tatu ni baiskeli ya muda mrefu: anayeendesha saa 5 au zaidi kwa wiki apunguze, au abadilishe kiti chembamba kwa kipana na asimame kwenye pedali kila baada ya dakika chache. Mpira wa jioni hauna tatizo.

Ukiwa kwenye vidonge

Klomifeni au letrozoli, vidonge vya kupevusha mayai, hutolewa kwa siku 5 mwanzoni mwa mzunguko, na lengo ni kupata yai 1 au 2. Ovari haikui sana. Endelea na matembezi yako na mazoezi ya misuli kama kawaida. Ultrasaundi ikionyesha vijifuko vya mayai 3 au zaidi vilivyokua, au ukihisi tumbo limejaa, acha kuruka na kukimbia mpaka hedhi ije au upimwe tena.

Ukipandikiziwa mbegu za mume kwenye mfuko wa uzazi, kulala dakika 10 hadi 15 kitandani pale kliniki kunatosha. Ukitoka hapo tembea mpaka kwenye daladala yako.

Ukiwa kwenye sindano

Hapa ndipo panapotaka uangalifu. Sindano huendelea kwa siku kama 8 hadi 14, na tumbo la siku ya 2 si tumbo la siku ya 9.

Siku 4 za mwanzo hazina tofauti kubwa. Tembea nusu saa kama ulivyozoea, fanya mazoezi ya kiti na ya ukuta. Mchakamchaka unaweza kuuacha tangu siku ya kwanza, ili usilazimike kukumbuka baadaye.

Kuanzia kama siku ya 5, au mapema zaidi daktari akikwambia vijifuko ni vingi, badilisha. Yanayobaki ni kutembea taratibu dakika 20 hadi 30, kunyanyua mikono ukiwa umekaa, kunyoosha miguu na mabega bila ya kupinda kiuno, na kuvuta pumzi ndefu. Yanayoondoka ni kukimbia, kuruka kamba, kujisokota kiuno huku na huku, kuinua kiwiliwili ukiwa umelala, mikao ya yoga ya kupindapinda au ya kichwa chini, na kunyanyua chochote kinachopita kilo 4 au 5.

Ovari imening'inia kwenye kano mbili, na mishipa yake ya damu inapita humohumo. Ikiwa nyepesi, mwili ukizunguka nayo inafuata bila ya taabu. Ikiwa nzito, mwili unasimama nayo inaendelea kuzunguka. Ikishajisokota, damu inaingia kwa shida na kutoka haitoki, ovari inavimba, na baada ya saa chache inaweza kufa. Ni jambo la nadra, lakini wanaotumia sindano hizi ndio walio karibu nalo zaidi.

Watu wengi husoma neno "mazoezi" wakafikiria jimu na viatu vya mbio, kisha wakaendelea na kazi za nyumbani kama kwamba hazihesabiki. Zinahesabika, na nyingine zinapita jimu.

Ndoo ya maji iliyojaa ya lita 20 ni kilo 20. Mpaka wako ni dumu la lita 5, moja kwa safari, na mtu mwingine ajaze pipa. Kutwanga kwenye kinu kuna kuinua, kupiga na kutikisa tumbo kwa pamoja, achia wengine. Kukuna nazi kwenye mbuzi si kazi nzito ya mkono, tatizo ni mkao: umekaa chini, umeinama mbele, tumbo limebanwa na mapaja. Nunua nazi iliyokunwa sokoni kwa wiki hizo mbili. Kufua kwa beseni weka juu ya meza au ngazi, usiinamie chini.

Wanaolima mwani Paje, Bwejuu au pwani za Pemba wana hesabu yao peke yao. Kufunga mbegu za mwani kwenye kamba ukiwa umekaa kivulini hakuna ubaya. Kwenda kwenye vigingi huku umeinama majini kwa muda wa saa tatu, kisha kuburuta polo la mwani mbichi mpaka juu, ndiyo kazi ya kuacha kuanzia siku ya 5 hadi ovari zirudi kwenye ukubwa wake wa kawaida. Kama bamvua, siku za maji kupwa sana, limeangukia katikati ya sindano zako, panga mapema na mwenzako wa shamba, yeye avune na wewe ufunge. Msimu wa karafuu ni hivyohivyo: kuchambua ukiwa umekaa sawa, kubeba magunia hapana.

Na harusi. Sindano hazisubiri msimu wa harusi umalizike. Nenda, kula, piga makofi, lakini msondo na kunyonga kiuno mpaka alfajiri waachie mawifi. Miondoko ile ndiyo hasa ya kuzungusha ovari nzito.

Mambo mawili zaidi si mazoezi, ila hufanywa na watu walewale kwa nia ileile ya kusaidia kizazi. Kuchuliwa tumbo na mkunga "kupandisha kizazi" kuachwe tangu siku ya kwanza ya sindano. Mkono unaokandamiza tumbo lenye ovari za sentimita 8 unaweza kuzisokota au kuzipasua. Kujifukiza nako kuachwe, kwa sababu ya joto, na hasa baada ya kiinitete kurudishwa.

Kunywa lita 2 hadi 2.5 za maji kwa siku. Dafu moja au mawili yanaingia kwenye hesabu hiyo. Mkojo uwe wa rangi ya manjano hafifu. Mwezi wa Ramadhani ukigongana na sindano, mpange na daktari kwanza. Kukaa bila ya maji kutwa huku ovari zinakua ni jambo la kiafya ambalo daktari lazima aliamue, na akiona funga inakudhuru, mgonjwa anayo ruhusa ya kufungua na kulipa. Anayeruhusiwa kufunga atembee usiku baada ya futari, si kabla ya Magharibi akiwa na kiu.

Dalili za kutokwenda kulala nazo

Maumivu makali ya ghafla upande mmoja wa tumbo chini, yanayokuja na kichefuchefu au kutapika, yachukulie kuwa ovari imejisokota mpaka daktari aseme vingine. Mara nyingine maumivu hupoa nusu saa kisha hurudi. Kupoa huko kusikudanganye.

Usile wala usinywe, maana huenda ukahitaji upasuaji. Usimeze dawa kali ya maumivu ukasubiri asubuhi. Nenda hospitali yenye chumba cha upasuaji, si kituo cha afya cha kijijini: Unguja ni kama Mnazi Mmoja, Pemba ni kama Abdalla Mzee pale Mkoani au hospitali ya Chake Chake. Chukua maboksi ya dawa zako. Sentensi ya kwanza ukifika iwe: "Niko kwenye sindano za kukuza mayai, leo ni siku ya kadha, sindano ya mwisho nimedungwa saa kadha." Bila ya sentensi hiyo utatibiwa kidole tumbo au vidonda vya tumbo, na saa zinapita.

Kutolewa mayai, na safari ya boti

Sindano ya mwisho ya kuyapevusha mayai hufuatiwa na kutolewa kwake baada ya saa 34 hadi 36. Katika saa hizo ovari ziko kwenye ukubwa wake wa juu kabisa. Tembea ndani ya nyumba, basi.

Siku ya kutolewa mayai utapewa dawa ya usingizi. Kwa saa 24 usiendeshe gari wala vespa, usipande ngazi ndefu peke yako, usibebe mtoto. Kesho yake anza kutembea dakika 5 hadi 10, mara 3 au 4 kwa siku, hata kama ni ukumbini tu. Kulala moja kwa moja kunazidisha gesi na kufunga choo, na homoni zikiwa juu damu huganda kirahisi kwenye miguu iliyotulia. Matone ya damu siku 1 au 2 ni ya kawaida. Pedi kujaa ndani ya saa moja si kawaida.

Sindano ya kutolea mayai hupita kwenye ukuta wa uke, kwa hivyo pana vitobo vidogo. Usiogelee baharini wala kwenye bwawa, na usikae kwenye beseni la maji, kwa wiki 1 hadi 2 au mpaka daktari akuruhusu. Oga kwa kujimwagia. Mazoezi ya kuruka, kukimbia na vizito yasubiri mpaka hedhi inayofuata au mpaka ultrasaundi ionyeshe ovari zimerudi.

Wengi kutoka visiwani hufuata IVF Dar es Salaam au nje ya nchi. Usikate tiketi ya boti ya kurudi siku ileile ya kutolewa mayai. Kaa usiku 1 angalau, 2 ni bora, karibu na kliniki. Boti ya kasi kutoka Dar mpaka bandari ya Malindi, Unguja, huchukua kama saa 2, na wakati wa kusi bahari hutupa. Kutapika kwa mawimbi kunaumiza tumbo lililojaa, na kibaya zaidi kunaficha dalili: hutajua kama ni boti au ni ovari. Kaa katikati ya boti na chini, ambako inayumba kidogo. Begi mpe mchukuzi, hata kama unaliona jepesi. Wa Pemba wanaounganisha safari nyingine wapumzike Unguja kwanza, na wakiweza wapande ndege.

Tumbo likijaa maji

Kwa baadhi ya wanawake mishipa ya damu hupitisha maji kwenda tumboni baada ya sindano ya mwisho. Walio karibu na hali hii ni wenye PCOS, wenye umri chini ya miaka 35, wembamba, na waliotoa mayai mengi. Huanza siku 3 hadi 7 baada ya sindano ya mwisho, au hurudi kwa nguvu zaidi siku 12 hadi 17 baada yake kama mimba imeingia.

Jipime kila asubuhi baada ya kukojoa, kabla ya kunywa chai, ukiwa na nguo zilezile na kwenye mizani ileile. Funga utepe wa fundi cherehani kwenye kitovu. Andika namba zote mbili. Uzito ukiongezeka zaidi ya kilo 1 ndani ya siku moja, mkojo ukipungua na rangi yake kukoza, ukishindwa kuvuta pumzi ukilala, au mguu mmoja ukivimba na kuuma, piga simu kliniki siku hiyohiyo. Kwa pumzi na mguu nenda hospitali moja kwa moja.

Kosa linaloonekana mara kwa mara hapa ni mtu kufikiri amenenepa kwa sababu ya kukaa, akatoka kukimbia "kuyatoa maji kwa jasho". Maji hayo yametoka kwenye damu na damu imebaki nzito. Jasho linaizidisha uzito huo. Mwenye hali hii asiogope kutembea chumbani ili damu isigande, lakini mazoezi yote mengine yamekwisha kwake mpaka apimwe.

Baada ya kiinitete kurudishwa

Kulala kitandani baada ya kiinitete kurudishwa hakuongezi nafasi ya kushika mimba. Jambo hili limepimwa mara nyingi, na baadhi ya tafiti ziliona waliolala walipata matokeo mabaya zaidi. Kuta za mfuko wa uzazi zimegusana na zina utelezi mzito. Kiinitete kimenata humo kama punje ya ufuta juu ya mkate mbichi. Hakidondoki ukisimama, ukikohoa, ukienda choo au ukisujudu. Swali kwa kusimama kama una nafuu. Ikiwa tumbo limejaa na kurukuu kunauma, swali kwa kukaa, kama mgonjwa yeyote.

Utakachofanya sasa kinategemea ni kiinitete kibichi au kilichogandishwa. Kikiwa kibichi, mayai yametolewa siku 3 hadi 5 tu zilizopita, kwa hivyo ovari bado ni kubwa na makatazo yote ya wakati wa sindano yanaendelea. Kikiwa kilichogandishwa na ovari zako zimesharudi, uko huru zaidi: kutembea nusu saa, mazoezi ya ukuta, kazi za kawaida za nyumbani. Kwa vyote viwili epuka kupandisha joto la mwili kupita nyuzi 39, yaani usitembee juani saa 6 mchana, usijifukize, usikae kwenye maji ya moto.

Projesteroni, dawa ya homoni ya kuutayarisha mfuko wa uzazi, inaleta usingizi, choo kigumu na pumzi fupi. Ukiona matembezi yaleyale yanakuchosha zaidi, hujapoteza nguvu, ni dawa. Punguza mpaka dakika 15 asubuhi na 15 jioni. Wanaodungwa projesteroni ya mafuta matakoni hupata vivimbe vigumu. Tembea dakika 10 baada ya sindano na weka kitambaa cha uvuguvugu pahala palipodungwa, si tumboni. Wanaodungwa dawa ya kuzuia damu kuganda watapata alama za kuvilia damu tumboni, na hawapaswi kufanya mazoezi ya misuli ya tumbo wala mchezo wa kugongana.

Majibu yakitoka

Kipimo cha damu hufanywa kama siku 9 hadi 14 baada ya kiinitete kurudishwa. Mimba ikiwepo na ulitumia kiinitete kibichi, ovari zinaweza kubaki kubwa kwa wiki nyingi, kwa sababu homoni ya mimba inaendelea kuzichochea. Tembea, usikimbie, usijisokote, mpaka ultrasaundi ya wiki ya 6 hadi 8 ionyeshe zinapungua. Maumivu makali ya upande mmoja katika wiki hizi yana sababu ya pili ya kuogopwa, mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi, nayo hutokea hata kwa IVF.

Mimba isipokuwepo, dawa zitasimamishwa na hedhi huja ndani ya siku chache, aghalabu nzito kuliko ulivyozoea. Tembea ukiweza katika siku hizo. Damu ikikatika na tumbo likirudi lilivyokuwa, anza na nusu ya ulichokuwa ukifanya kabla ya matibabu: dakika 15 badala ya 30, seti 1 au 2 badala ya 3. Wiki ya pili rudisha muda, wiki ya tatu rudisha seti. Mbio na kuruka viwe vya mwisho kurudi, na kama ovari zilifika sentimita 8 au zaidi, omba ultrasaundi kabla ya kuvianza.